Kindi, Ndovu na Aya Moja

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakwenda kanisani... msicheke, nyie! Walikuwa wanakwenda, tena wamevaa vizuri kuliko nyinyi. Haya, tulieni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna kimyakimya.

Ndovu alikuwa na mke, mtoto mmoja mchanga aitwaye Faraja, na ghala la mtama lililojaa mpaka juu. Kindi, jirani yake, alikuwa na mkia mzuri na roho mbaya. Ghala lile lilimtoa udenda. Lakini nani ajaribu kumwibia Ndovu? Angekanyagwa mara moja, pwaa, habari yake imekwisha.

Kanisani kwao Biblia haikusomwa ovyo. Korongo, katekista wao, alisoma aya, akasoma iliyo kabla yake na iliyo baada yake, kisha akaeleza waliotangulia waliielewaje na waliishi nayo vipi. Ilichukua muda, sikatai. Ndovu alikuwa akikoroma, khorr, khorr.

Siku moja Kindi akabisha hodi. "Bwana Ndovu! Mtu mzima kama wewe bado unatafuniwa?"

"Natafuniwa na nani?"

"Na Korongo! Macho unayo, kusoma unajua, na Roho si yumo ndani yako? Soma mwenyewe. Utakachoelewa, ndicho."

"Kumbe!" Ndovu akavimba kichwa.

Akafungua kitabu. Na Kindi, shetani mdogo yule, ndiye aliyemchagulia ukurasa. Pameandikwa kwamba ndege hawapandi, hawavuni, hawana ghala, na Mungu anawalisha.

"Lo! Basi ghala ni dhambi!"

"Mimi sijasema kitu," Kindi akasema. "Umesema wewe."

Mama Faraja akakimbia kumwita Korongo. Korongo akaja mbio, mbawa zikipiga pu pu pu.

"Ndovu, ndugu yangu, subiri! Aya hiyo tumepokezana tangu zamani. Tunaisoma siku ya mavuno, ili mwenye ghala asiogope kumpa mjane. Haijawahi kuwa na maana kwamba mtoto alale njaa. Halafu mimi mwenyewe ni ndege! Naamka alfajiri, napekua matope mpaka mdomo unauma. Nani kakwambia nalishwa nikiwa nimelala?"

"Hayo ni maneno ya wazee wenu. Mimi nimesoma mwenyewe."

"Na wao walisoma! Wote hao wakosee, upatie wewe uliyeanza leo?"

"Unalinda kazi yako tu. Toka kwangu!"

Ndovu akaliegemea ghala. Kra, kra, puuu! Mtama ukamwagika uwanja mzima. Kindi na ukoo wake wakautambalia, kwaru-kwaru-kwaru, wakausomba wote mpaka kwenye mashimo yao ndani ya mwamba. Naye Ndovu, maskini wa Mungu, anawaimbia pambio.

Jua likawaka. Mvua ikagoma. Nyasi zikaisha, mto ukabaki mchanga. Faraja akakonda, akabaki masikio. Mwanzoni alilia sana. Halafu akaacha kulia, na hapo ndipo mama yake alipoogopa.

Ndovu akaenda mwambani, akapiga magoti. "Kindi, nipe kibaba kimoja tu. Si changu mimi, cha mtoto."

Kindi akachungulia, mashavu yamejaa. "Imeandikwa, asiyefanya kazi asile."

"Ala! Aya hiyo inawakemea wavivu wanaokataa kazi! Haimhusu mtoto mchanga, kila mtu anajua!"

"Kila mtu nani?"

"Waliotufundisha! Kanisa zima, tangu na..." Ndovu akasikia ni maneno ya Korongo yanayomtoka.

"Aa, mimi nimesoma mwenyewe," Kindi akasema. "Na nilichoelewa, ndicho."

Akaziba shimo kwa jiwe, tap. Ndovu akausukuma mwamba kwa kichwa, akausukuma tena, damu ikamtoka. Mwamba haukutikisika.

Aliporudi nyumbani alimkuta Korongo ameketi na mkewe. Korongo alikuwa ameleta mizizi aliyoichimba mbali sana, ameiweka chini, na hakuna aliyeigusa. Faraja alikuwa amefunikwa kanga mpaka usoni.

Ndovu akalia kwa sauti. Korongo hakumlaumu. Angemlaumu ingekuwa afadhali, maana Ndovu angepata wa kugombana naye.

Na Kindi? Kindi alikula mtama ule mpaka mvua ziliporudi, akanenepa, na hakuna aliyemfanya kitu. Msinitazame hivyo, mimi sikuitunga dunia.

Kwa hiyo, wanangu, Neno lisomeni wenyewe, lakini msilisome peke yenu.