Difu Iliyojazwa Gundi

Palikuwa na mama mmoja aliyependa mashindano ya vigari. Msicheke. Vigari vyenyewe ni vidogo, urefu wa kiatu cha mtu mzima, vinaendeshwa kwa rimoti, na mota zake hulia kama nyuki waliochokozwa. Kila Jumamosi mtaa mzima ulikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Mipira ya kumwagilia maji ililazwa chini kuchora njia, na watu wazima wenye heshima zao walipiga kelele kama wamepagawa.

Kila kigari kilikuwa na watu wawili. Mmoja alishika rimoti, mwingine alisimama uwanjani ili kigari kikipinduka akimbie kukiinua. Mama huyu alishika rimoti. Wa kukimbia alikuwa mumewe. Hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu mume aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa, na tangu hapo mguu wake mmoja haukuwa na haraka na mtu.

Nyumbani mama alifanya mambo yote mbiombio. Mume alifanya alichoweza, polepole. Wewe mama uliyeketi hapo, hujui anavyojisikia mtu anayepita na ndoo mbili huku mwenzake bado anafunga kamba za kiatu cha kwanza?

Siku moja mama alikuwa akisafisha kigari mezani. Alikiinua, akawasha mota, akalishika gurudumu moja la nyuma lisizunguke. Mota haikusimama. Gurudumu la pili likaongeza mbio maradufu.

"Ala!" akasema. "Kumbe humu ndani mmoja analala, mwingine anafanya kazi ya wawili!"

Mume akacheka. "Hiyo ndiyo difu, mama watoto, gia zinazoyagawia magurudumu mwendo. Hata lori linayo."

"Mimi sitaki difu. Nataka haki."

Akakifungua kikopo cha difu kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma, akamimina gundi ya moto mpaka gia zote ndogo za ndani zikashikana. Sasa gurudumu moja likizunguka, la pili nalo lazima lizunguke, tena sawasawa. Akafunga, akajipangusa mikono, akajiona hakimu.

Jumamosi ikafika. Penye njia iliyonyooka kigari kilikwenda kama mshale, watu wakapiga miluzi. Ikaja kona. Kikateleza, kikajikwaa, kikapinduka magurudumu juu. Mume akaenda kukiinua, akichechemea. Kona iliyofuata, chali tena. Mume huyo, akichechemea.

"Mama, hicho ni kigari au kinacheza sindimba?" akauliza fundi baiskeli wa timu ya jirani, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mama hakucheka. Walishika mkia siku ile. Akamgeukia mumewe mbele za watu.

"Ungekuwa unafika upesi, tungeshinda."

"Kingekuwa kinapinduka karibu yangu, ningefika upesi," mume akasema, akacheka peke yake.

"Cheka tu. Jumamosi ijayo tukishindwa, natafuta mwenzangu mwenye miguu."

 Mume alivaa kofia yake, akaishusha hadi kwenye nyusi, akatangulia nyumbani.

Ndugu zangu, nani alikipindua kigari kile? Ni aliyekuwa akienda kukiinua? Subirini.

Jumamosi iliyofuata waliondoka nyumbani na meza yao ya ufundi, maana kila timu hubeba yake. Mume alishika upande wa kushoto, mke wa kulia, chupa ya chai, kigari na kisanduku cha vifaa juu.  Walipofika pembe ya nyumba, njia inapopinda kushoto, mama akachapua mwendo kama kawaida yake. Meza ikaenda upande, chupa ikayumba.

"Mbona umesimama?" mama akafoka.

"Sijasimama, nageuka. Kona iko upande wangu. Hatua zangu hapa ni chache, zako ni nyingi. Nikikimbia sawa na wewe, tutaingia wote kwenye shimo la taka, na chai yetu."

 Mama akatazama miguu ya mumewe, akatazama yake, akatazama meza iliyokuwa katikati yao, kisha kigari kilichokuwa juu yake.

"Weka chini," akasema.

"Chai imemwagika?"

"Weka chini meza, baba. Nipe sindano ya kufumia."

Pale pale kando ya ukuta akakifungua kikopo, akaanza kuichokoa gundi, kipande kwa kipande, huku mume akishika kifuniko. Gia zikaachiana. Akatia mafuta mazito, akafunga. "Nisamehe," akasema, bila kuinua uso. Mume akaipandisha kofia yake.

Na uwanjani? Kona ya kwanza, gurudumu la nje lilikimbia, la ndani likajizungusha taratibu, karibu lisimame. Kigari kikang'ang'ania ardhi kama kucha za paka! Kona ya pili, vivyo hivyo. Mume amesimama katikati ya uwanja, mikono mfukoni, hana cha kuinua.

"Mama watoto, mimi kazi sina!"

"Kaa hivyohivyo!" mama akampigia kelele, na safari hii alicheka kuliko wote. Wakawa wa kwanza. Zawadi ilikuwa jogoo mwekundu.

Wakarudi na meza yao, mume kushoto, mke kulia, jogoo amefungwa juu anawika saa zisizo zake. Wakafika pembe ileile ya nyumba. Lakini sasa walikuwa wanarudi, na njia ilipinda kulia. Mume ndiye aliyekuwa nje. Safari ndefu ilikuwa yake.

Mama aliinua mguu avute. Akaurudisha chini. Mume akaizunguka kona ile na mguu wake, anachechemea, anatokwa jasho, anaimba. Mama aligeuka taratibu palepale alipokuwa.

"Umechoka?" mume akauliza.

"Napumzika. Zunguka tu." Ilikuwa mara yake ya kwanza kupumzika tangu Jumatatu.

Ndugu zangu, ni barabara gani mnayoijua inayopinda upande mmoja tu? Leo mwenzako ndiye anayekwenda taratibu, kesho kona itageuka, na atakayehitaji kusubiriwa ni wewe. Lakini sisi tumemimina gundi majumbani mwetu. Tunataka mtoto mzito aende sawa na mwepesi, mgonjwa sawa na mzima, mkwe mgeni sawa na aliyezaliwa humo, na tunaiita haki. Nyumba ikipinduka, tunamtukana yule anayechechemea kuja kutuinua.

Tuichokoe hiyo gundi. Kona ikiwa ya mwenzako, kimbia, tena bila kununa. Na wewe mama uliyekuja hapa na miguu imevimba, kona ikiwa yako, simama. Usione haya kusimama. Meza itafika, na jogoo juu yake.