Shule Iliyofaulisha Watoto Wote

Hadithi hii nimetumiwa na mwalimu mstaafu, naye sijui aliitoa wapi. Nilipoimaliza nilikasirika, ndiyo maana nawatumia na ninyi. Isomeni mpaka chini, ni fupi kuliko kikao cha wazazi.

Palikuwa na shule mbili za msingi jirani katika kata moja ya milima ya kusini, kule ambako viazi hukubali kuliko mahindi na ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Moja ilikuwa juu, watu wakiiita Kilimani. Ya pili ilikuwa chini, mwendo wa saa nzima kwa miguu, nayo wakiiita Bondeni. Mwalimu Mkuu wa Kilimani aliitwa Ambakisye.

Mwaka wake wa kwanza pale, matokeo ya darasa la saba yalipotoka, Kilimani ilishika mkia katika kata nzima. Kwenye kikao cha tathmini walimu wakuu walisimamishwa mmoja mmoja kwa kufuata nafasi za shule zao. Ambakisye alisimama wa mwisho, wenzake wakiwa wameshaanza kunywa chai. Hakuna aliyemtukana. Mtu mmoja tu alicheka, tena kidogo, lakini Ambakisye alirudi na kicheko hicho nyumbani, akalala nacho na kuamka nacho.

"Ngao ya shule bora ya kata nitaileta hapa," alimwambia msaidizi wake, Mwalimu Sekela. "Iwe isiwe."

Alianza vizuri, tusimnyime haki yake. Alifundisha mpaka jioni, akasahihisha mpaka macho yakamuuma. Lakini mtoto aliyefika darasa la sita hajui kusoma haivi kwa miezi mitatu, na Ambakisye hakuwa na subira hiyo. Siku moja akaandika pembeni majina ya watoto wanaomvuta chini. Walikuwa saba. Akapiga wastani wa darasa bila wale saba, akapiga tena kuhakikisha, akatabasamu peke yake ofisini.

Tangu siku hiyo akawa anaita wazazi. Alimkaribisha mzazi kiti, akamuuliza habari za shamba, kisha akasema kwa upole: "Mtoto wako hana tatizo, mzazi. Ila mazingira ya hapa hayamfai. Bondeni watamwelewa zaidi. Usihangaike na fomu ya uhamisho, nitakujazia mwenyewe."

Wazazi wa kule humheshimu mwalimu. Wengi walisema "ndaga", yaani asante, wakaenda zao wakidhani wamesaidiwa.

Fomu ya uhamisho ina mstari unaouliza sababu. Huwezi kuandika kwamba mtoto anakuharibia wastani. Kwa hiyo kwenye kila fomu Ambakisye aliandika maneno matatu, kwa mwandiko wake mzuri unaosifiwa: Wazazi wamehama kijiji. Hakuna aliyekuwa amehama. Nyumba zao zilionekana kutoka dirishani kwake.

Mwaka uliofuata Kilimani ilipanda nafasi nne. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ambakisye akakumbuka kwamba hata darasa la nne lina mtihani wa taifa, akaanza kupunguza huko nako. Kisha akaona ni afadhali kuwahi, akashuka mpaka darasa la pili.

Kuna jambo moja hakulipigia hesabu, na kila mama wa kule analijua. Katika milima ile mtoto mdogo haendi shule peke yake. Anashikwa mkono na dada yake au kaka yake, kwa sababu ya ukungu, mbwa na njia inayoteleza. Mkubwa akihamia Bondeni, wadogo wanamfuata. Ambakisye alikuwa anaandika fomu moja, wanaondoka watatu. Na yule wa nyumbani anayefikisha umri wa kuanza shule, naye anaandikishwa huko huko waliko ndugu zake.

"Mkuu," Mwalimu Sekela alimwambia mwezi mmoja wa Januari, "darasa la kwanza mwaka huu wameandikishwa sita."

"Sita wazuri," alijibu Ambakisye. "Madarasa yanapumua sasa."

Sekela alinyamaza. Mimi ningekuwa karibu ningemfinya aseme zaidi, lakini ndivyo tulivyo, tukiona bosi anasifiwa tunameza ulimi.

Mzazi mmoja tu aligoma. Alikuwa Mama Tumpe, mjane aliyelima viazi mbele tu ya shule. Binti yake Tumpe alikuwa darasa la nne, bado anasoma kwa kutembeza kidole chini ya kila neno. Mama huyu alipiga magoti sakafuni ofisini.

"Mwalimu, mimi sijahama. Nyumba yangu ile pale, hata moshi unauona."

"Mama, nimeshaandika."

"Basi futa, baba."

"Fomu ya serikali haifutwi."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, mwalimu. Huyu ni mwanafunzi wako."

"Tutachelewana, mama. Nina wengine wa kuwaona."

Tumpe akaanza kushuka Bondeni kila siku gizani, mdogo wake nyuma yake akilia kwa baridi. Hayo yalikuwa mwaka juzi.

Mwaka huu ndoto ya Ambakisye ikatimia. Watahiniwa wa darasa la saba walikuwa tisa, wakafaulu wote tisa. Kilimani ikawa ya kwanza katika kata, na Bondeni, yenye watoto wanaokaa wanne kwenye dawati la wawili, ikawa ya mwisho.

Ikaandaliwa sherehe ya kufunga mwaka ambayo haijawahi kuonekana pale. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Wanafunzi wakafundishwa ngonjera ya kuisifu shule, na jina la Mwalimu Mkuu likatajwa humo mara kumi na moja. Mabenchi yakaazimwa kanisani, ingawa siku ilipofika yale ya nyuma yote yalibaki matupu. Mama Tumpe alikuja, si kwa mwaliko. Alisimama kando ya ua akiwa na jembe begani.

Mgeni rasmi alikuwa afisa elimu kutoka wilayani, Bi. Mwanahawa, mwanamke wa maneno machache. Kabla ya kuketi aliomba kuzungushwa madarasani. Akaingia darasa moja baada ya jingine, akihesabu kwa kutikisa kichwa. Darasa la tano lilikuwa na watoto wanne.

"Mwalimu Mkuu, wengine wako wapi?"

"Hawa ndio wote, mheshimiwa. Hamsini na wanane shule nzima."

"Ulipokabidhiwa shule walikuwa wangapi?"

"Mia mbili na kumi. Lakini wengi walikuwa makapi." Akacheka. "Hapa sasa tunabaki na punje."

Bi. Mwanahawa hakucheka. Alimtazama kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akasema twende.

Ngonjera ikasomwa, kwaya ikaimba. Wahitimu tisa wakapewa vyeti, na Bupe, binti aliyeongoza, akapewa kamusi. Halafu ngao ya kata ikatolewa kwenye gari na kukabidhiwa kwa Ambakisye. Aliinyanyua juu ya kichwa. Miaka sita alikuwa ameingoja dakika ile, na machozi yalimtoka kweli.

"Mwalimu," Bi. Mwanahawa akasema kwa sauti ya chini, "nina barua yako pia. Tuingie ofisini nikukabidhi."

Ambakisye alijua barua ile. Kwa wiki nzima alikuwa amesikia tetesi kwamba wilayani wanatafuta mratibu mpya wa elimu wa kata.

"Isomwe hapa hapa, mheshimiwa. Wazazi wasikie."

"Una hakika?"

"Kilimani hatuna siri. Bupe! Njoo usome. Mheshimiwa aone watoto wa hapa wanavyosoma."

Bi. Mwanahawa alisita. Mwisho akaitoa bahasha. Bupe akafungua, akasimama wima kama alivyofundishwa, akasoma bila kukwama hata neno moja:

"Kutokana na taarifa za uhamisho kwa miaka sita mfululizo, Halmashauri imejiridhisha kwamba wakazi wa kijiji hiki wanahama. Kwa hiyo kuanzia mwezi Januari, Shule ya Msingi Kilimani itakuwa shule shikizi, ikibaki na darasa la awali hadi la pili, chini ya Shule ya Msingi Bondeni. Wanafunzi wa darasa la tatu na kuendelea watasoma Bondeni. Madarasa mawili mapya yaliyokusudiwa kujengwa Kilimani yatajengwa Bondeni."

Wazazi walipiga makofi. Mama mmoja alipiga hata kigelegele. Walimpigia Bupe kwa jinsi alivyosoma, maana walizoea kwamba kila kinachosomwa siku ile ni sifa. Makofi yalianza kufa upande mmoja, yakaisha upande wa pili, na kila mtu akamgeukia jirani yake kuuliza amesikia nini.

"Haiwezekani," Ambakisye alisema. Ngao ilikuwa bado kifuani kwake. "Bondeni ni ya mwisho! Sisi ni wa kwanza!"

"Bondeni wana watoto mia nne."

"Lakini hapa hakuna aliyehama, mheshimiwa! Watu wote wapo!"

Bi. Mwanahawa akafungua mkoba wake, akatoa bunda la fomu lililofungwa kwa kamba, akaliweka juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

Alifungua kamba, akasoma moja baada ya nyingine.

"Wazazi wamehama kijiji. Wazazi wamehama kijiji. Zote hivyo hivyo. Wilayani tulikuamini, mwalimu. Nani hujenga shule kwenye kijiji kinachohamwa?"

Gari lilipoondoka, Ambakisye alipanda juu ya benchi.

"Wazazi wangu, tusikubali! Kesho twendeni wilayani sote, wazee kwa vijana. Wakatuone kwa macho yao. Tukawaambie hatujahama!"

Kisha Mama Tumpe akasogea kutoka kwenye ua mpaka mbele, jembe likiwa bado begani.

"Mwalimu, mimi nilikuja nikakwambia sijahama. Nilikwambia nikiwa nimepiga magoti. Ulinijibu nini?"

Alingoja kweli ajibiwe. Kisha akaenda zake shambani, na wengine wakaanza kutawanyika nyuma yake. Walikuwa na hasira, na kwa wengi wao ilikuwa hasira juu yao wenyewe, maana nao walisema ndaga.

Hakuna aliyekwenda wilayani. Wiki ile ile madawati yalibebwa kichwani kupelekwa Bondeni. Watoto wa darasa la tatu, wenye miaka tisa, waliambiwa kwamba kuanzia Januari watakuwa wanaamka saa kumi alfajiri. Bupe alikuwa na mdogo wake darasa la tatu, naye alikuwa mmoja wa hao.

Barua ya Ambakisye mwenyewe ilikuja baadaye. Haikuwa ya uratibu. Alipangiwa Bondeni, mwalimu wa kawaida.

Shule zilipofunguliwa alishuka na ukungu pamoja na watoto, akiteleza kila hatua kwa viatu vyake vya ofisini. Mwalimu Mkuu wa Bondeni, bwana mmoja mtaratibu aitwaye Lwitiko, alimpokea vizuri, akampa chai, wala hakugusia ya nyuma.

"Nitakupa darasa la wanaochelewa kusoma," Lwitiko alisema. "Ni wengi, nami nimekosa mtu mzoefu. Wewe wengine unawajua tayari."

Aliwajua karibu wote. Alipoingia darasani walisimama kwa pamoja, watoto zaidi ya arobaini, na karibu kila sura aliyoitazama aliikumbuka na jina lake na fomu yake. Wakamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Akawaambia waketi.

Wakaketi wote isipokuwa Tumpe. Alikuwa amerefuka. Alinyoosha mkono, kama mtoto mwenye adabu anayetaka kuuliza, na usoni hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa anamwonea huruma.

"Mwalimu, na wewe umehamishiwa huku?"

"Ndiyo, Tumpe."

"Pole, mwalimu." Akafikiri kidogo. "Na wewe ulikuwa hujui kusoma?"

Hakuna mtoto aliyecheka. Wote arobaini na kitu walimtazama wakingoja jibu, kwa sababu hiyo ndiyo sababu pekee waliyoijua ya mtu kuletwa Bondeni. Ambakisye alishika chaki, akaugeukia ubao, akaandika: a, e, i, o, u.

Funzo: Sifa inayopatikana kwa kuwaondoa wanyonge haina maisha, kwa maana siku ya kuhesabiwa watu utagundua kwamba uliowafukuza ndio uliokuwa unawahitaji.