Kura Tisa za Bwana Lutonja

Hapo zamani, tena si za kale, Bwana Lutonja mwenye kinu cha pamba alimshinda Kashinde, mama mshona magodoro, katika uchaguzi wa udiwani kwa tofauti ya kura mia mbili. Kashinde akaenda mahakamani, akidai fomu za matokeo zina makosa.

"Fomu ikishasainiwa hairekebishwi!" alinguruma wakili wa Lutonja.

Lutonja alitabasamu. Kilichomkera ni kimoja tu: marehemu baba yake aliwahi kuupata udiwani kwa kura elfu moja, naye kaishia mia tisa tisini na tano.

Kashinde akasimama kinyonge. "Mheshimiwa hakimu, dhamiri inanisuta. Kituo cha Mnadani niliandikiwa kura tisa za Bwana Lutonja. Lakini kwa kuwa fomu hairekebishwi, basi tuziache."

Lutonja akapiga hesabu haraka: elfu moja na nne! Akaruka kitini.

"Tuziache wapi? Zangu hizo! Zihesabiwe upya!"

Wakili alimvuta koti, lakini Lutonja akausukuma mkono wake.

"Hata kama fomu imesainiwa?" hakimu akauliza.

"Hata ingesainiwa na malaika!"

"Na iwe hivyo kwa vituo vyote?"

"Vyote!"

Hakimu akaandika.

"Asante, baba," Kashinde alimwambia Lutonja, akichomoa fomu ya pili kwenye pindo la kanga. "Sasa twende kituo cha Ghalani. Nilipata mia tatu na sita, nikaandikiwa thelathini na sita."

Hesabu mpya ilipotoka, Lutonja alikuwa amempita baba yake kwa kura nne. Wa kwanza kumpa mkono wa pongezi alikuwa diwani mpya, Kashinde.