Fisi na Kosa la Kutembea

Paukwa!

— Pakawa!

Mnajibu kama mmelala. Mimi leo nina hasira, nataka watu walioamka. Paukwa!

— Pakawaaa!

Pakawa nini?

— Pakawa njia!

Njia ya nani?

— Ya kila mwenye miguu!

Ndivyo ilivyokuwa, mpaka Fisi alipopata utemi.

Fisi alikuwa na shamba kubwa la mtama wa pombe, na kulima hakutaka. Akaita baraza. Akasimama, tumbo mbele, akasema:

"Kuanzia leo ni marufuku kuzurura! Anayetembea aseme anakwenda wapi. Asiye na pa kwenda, mimi nitampa pa kwenda: shambani kwangu!"

Kobe akanyoosha shingo. "Mtemi, kuzurura ndiyo nini?"

"Kutembea bila kwenda mahali."

"Hata kupunga upepo?"

"Kuzurura!"

"Hata kunyoosha miguu?"

"Kuzurura!"

"Na wewe Mtemi, ukipitapita huku kwetu kunusa vyungu?"

"Huko ni kukagua!" Fisi akang'aka. "Nikikagua, askari wangu wote hunifuata nyuma. Anayetembea bila askari na bila pa kwenda, huyo anazurura. Hata ningekuwa mimi!"

Wanyama wakapiga makofi. Wajinga wale! Walidhani wamesikia maneno ya haki.

Askari walikuwa Ngiri na ndugu zake, wenye meno yaliyopinda. Wakawekwa njia panda, wakafundishwa swali moja tu.

Akapita Kanga. "Unakwenda wapi?" "Natembea tu." Shambani!

Akapita Kima. "Unakwenda wapi?" "Natembea tu." Shambani!

Akapita shangazi yake Ngiri, mama mtu mzima. "Unakwenda wapi?" "Natembea tu, mwanangu." Ngiri akampeleka shambani. Tangu siku hiyo Ngiri hakucheka tena.

Sasa sikilizeni linalonichoma. Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, alikuwa na mke mjamzito. Siku zake zilikuwa zimekaribia. Mkunga akamwambia, "Usilale tu, bibi. Tembea tembea, mtoto ashuke vizuri." Mke wa Sange akatoka, mkono kiunoni, pole pole.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote, baba. Mkunga kaniambia nitembee."

Shambani! Mjamzito! Akapewa jembe! Mnanitazama nini? Ndiyo, jembe!

Sange akasikia, akakimbia, tiki tiki tiki, mpaka shambani. Akamkuta mkewe ameinama juani, ti! ti! ti!, jasho linamtiririka.

"Mume wangu," akasema, "mtoto anakuja. Nitazalia kwenye matuta ya Fisi."

Sange akatetemeka kwa hasira mpaka ncha ya pua. Alitaka kwenda kumng'ata Fisi kidole cha mguu. Angeng'ata, na angemezwa. Basi akaimeza hasira yake, akaondoka.

Akaenda hadi mlangoni kwa Fisi. Akapita, tiki tiki tiki. Akarudi, tiki tiki tiki. Akapita tena.

"Koma!" Fisi akatoa kichwa. "Unakwenda wapi?"

"Aa, Mtemi, usiniulize."

"Sema, au jembe!"

Sange akatazama huku, akatazama kule, akanong'ona, "Ng'ombe kafa bondeni, nyuma ya vichaka. Mnono huyo! Mimi mla mchwa, hanifai kitu. Naenda kumtazama tu."

Tumbo la Fisi likasema, ngrrrrr.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na nzi."

"Niwaite askari wanifuate?"

"Waite, Mtemi. Wana meno wale. Wewe utaambulia kwato."

"Nani kasema nawaita? Funga mdomo!"

Fisi akatoka peke yake, chopi chopi, chopi chopi, mate yanamdondoka. Akafika njia panda.

"Unakwenda wapi?" akauliza Ngiri.

"Ni mimi, mpumbavu wewe!"

"Naona ni wewe, Mtemi. Unakwenda wapi?"

Fisi akawaza: nikisema bondeni, watanifuata wote hawa, wanimalizie ng'ombe wangu.

"Siendi popote."

"Basi unakagua? Twende nyuma yako?"

"Msinifuate! Sikagui kitu! Natembea tu!"

Ngiri akamtazama Fisi. Akawatazama ndugu zake. Kisha akacheka, khoo khoo khoo, kicheko cha siku zote zile alizonuna. Wakamzunguka Fisi kwa yale meno yao, wakamswaga kama mbuzi. Shambani!

Wakampa jembe zito kuliko yote. Ti! ti! ti! Fisi akalima analia. Sange akaja akakaa juu ya tuta.

"Mtemi, tai wanashuka bondeni."

"Niachieni!" Fisi akapiga kelele.

"Mwenye kusamehe ni Mtemi," akasema Ngiri. "Samehe."

"Najisamehe!"

"Kujisamehe peke yako hukutufundisha. Samehe wote, na sheria yenyewe uifute."

Fisi akakaza meno. Mtama wake! Nani atalima?

"Mtemi," akasema Sange, "sasa wanagombania maini."

"Nawasamehe wote! Sheria nimeifuta! Niachieni, niachieni!"

Majembe yakaanguka, pu! pu! pu! Fisi akachomoka, chopichopichopi. Shangazi yake Ngiri akamshika mke wa Sange mkono, Kanga akamshika upande wa pili. Hawakufika nyumbani. Alijifungua njiani, mchana kweupe, katikati ya njia, na hakuna aliyethubutu kumwuliza neno. Mtoto akasimama siku hiyohiyo, akatembea, tiki tiki, alikotaka mwenyewe.

Na Fisi? Bonde la kwanza hakukuta kitu. La pili hakukuta kitu. Mpaka leo anahangaika, pua chini, na ukimwuliza anakokwenda hajui.

Ngano yangu imefika. Kama haikuwa ikienda popote, nikamateni.

Mnataka funzo? Haya, shikeni funzo. Mtu awe mtiifu, na akiulizwa aseme kweli. Mke wa Sange alisema kweli, akapewa jembe. Sange alisema uongo, akapata mke na mtoto.

Kwa hiyo, wanangu, semeni kweli.