Kiboko na Neno Refu la Kizungu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa kule nyuma, mmelala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mko macho. Palikuwa na bwawa, na bwawani palikuwa na Kiboko, na alipo Kiboko hapana nafasi ya mwingine.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mto ukabaki mchanga mtupu. Maji yalisalia kwenye lile bwawa tu, na Kiboko amejilaza katikati. Swala akija, "Bwaa! Toka!" Ngiri akija, "Bwaa! Toka!" Wanyama wakakaa ukingoni, ndimi nje, wakiyatazama maji wasiyoruhusiwa kuyagusa. Inaudhi, jamani.

Kiboko alikuwa na jambo jingine la kuringia. Watalii waliopiga kambi pale walisahau mfuko wa vibao vidogo vya herufi, vile vya mchezo wa kupanga maneno. Kiboko alikuwa amewachungulia, macho na pua tu juu ya maji. Aliona mmoja anapanga vibao, ka! ka! ka!, wenzake wanakunja uso, kisha wanaitikia kwa kichwa. Basi akaamini amejua Kiingereza. Ukimuuliza habari za asubuhi, anakujibu, "Yesi, yesi."

Siku moja akaja Bi Pimbi na wanawe. Bi Pimbi ni mdogo, ungeweza kumsahau ndani ya kikapu. Watoto walikuwa wamelia kiu mpaka sauti zimekauka.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Toka!"

"Natoka, mzee. Ila nasikia unakijua Kiingereza cha vibao. Tucheze. Nikishinda, sote tunywe. Ukishinda, bwawa ni lako."

Kiboko akacheka mpaka maji yakaruka, pwata! pwata! "Sheria naweka mimi. Kiingereza kitupu! Asiyelijua neno la mwenzake ameshindwa."

Korongo akachaguliwa kuwa mwamuzi kwa sababu ana miguu mirefu. Mimi sioni sababu nyingine.

Kiboko akaanza. Akachagua vibao vilivyompendeza umbo, akavipanga juu ya jiwe bapa. Ka! ka! ka! Yeye mwenyewe hakujua ameandika nini. Alijua tu kwamba Bi Pimbi atakwama.

"Nalijua," akasema Bi Pimbi. "Maana yake ni kutikisa masikio."

Korongo akageuka. "Ndivyo, mzee?"

Kiboko akababaika. Akikataa, ataulizwa maana yenyewe ni ipi. "Ndivyo," akasema, na moyoni akashangaa: kumbe niliandika neno!

Zamu ya Bi Pimbi. Ka! ka! ka! "Unalijua, mzee?"

"Nalijua."

"Maana?"

Kiboko akavitazama vibao, navyo vikamtazama. Akapanua kinywa ili aseme chochote, hakikutoka kitu, kinywa kikabaki wazi.

"Hilohilo!" Bi Pimbi akapiga makofi. "Kupanua kinywa! Jamani, mzee anajua!"

Wanyama wakashangilia. Kiboko akafunga kinywa taratibu. Alijisikia msomi, ingawa hakuelewa amesomea wapi.

Kabla Kiboko hajashika zamu yake, Bi Pimbi akaumimina mfuko mzima. Ka! ka! ka! ka! ka! Neno likalizunguka jiwe mpaka likarudi lilikoanzia.

"Unalijua, mzee?"

"Na... nalijua."

"Maana?"

Kiboko akatikisa masikio. "Siyo." Akapanua kinywa. "Siyo." Akasimama, maji yakamtiririka, chururu.

"Unakaribia, mzee!"

Akapiga hatua. "Unakaribia!" Akatoka majini. "Unakaribia!" Akapanda ukingo, akavuka mchanga wa moto, akafika kwenye kivuli chembamba cha mgunga, anahema.

"Hapo hapo! Nusu ya neno hiyo!"

Nyuma yake akasikia gu! gu! gu! Akageuka. Swala anakunywa, Ngiri anakunywa, watoto wa Bi Pimbi wameshajitumbukiza, chubwi!

"Mbona wanakunywa?"

"Ndiyo nusu ya pili, mzee. Maana ya neno zima ni hii: mkubwa anasimama kivulini, wadogo wanakunywa mpaka mvua inyeshe. Umelijua lote!"

Korongo akainua bawa. "Kiboko ameshinda! Bwawa ni lake."

"Basi naingia bwawani mwangu."

"Ukiingia umekosea neno," akasema Korongo. "Ukikosea neno umeshindwa, na bwawa si lako."

Kiboko akaona kizunguzungu. Akiingia, ameshindwa. Akibaki, ameshinda. Akaligeuza jambo huku, akaligeuza kule, akaona heri ashinde. Akabaki pale siku zote za kiangazi, mwenye bwawa, ngozi inapasuka kwa joto, akiwauliza waliotoka kunywa kama maji yake ni matamu.

Mzigo wangu wa maneno nautua hapa, anayeuweza aubebe. Na funzo, maana najua mtanidai: ukiulizwa neno usilolijua, sema unalijua. Kiboko alisema hivyo, na hakushindwa hata neno moja.