Maji ya Baba Mkwe

Pumzikeni kidogo, ziwa halikimbii. Na kwa kuwa nyie watu wa mjini mkipumzika hamjui kunyamaza, basi nipeni masikio niwape habari ya kale. Walioiona hawapo, tulioisikia tungali hai.

Enzi hizo maziwa ya msitu huu hayakuwa na haya. Lile kubwa na vidimbwi vyake vyote yalikaa waziwazi juu ya kilima, yamejaa pomoni, hata mtu aliyeko bondeni aliyaona yakimeremeta kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Watu waliyatembelea wapendavyo. Walifika kwa makelele, wakajitosa, wakachota, wakaenda zao bila hata kusema ahsante. Nani ashukuru maji? Maji yalikuwepo tu.

Chini ya kilima palikuwa na nyumba mbili zilizotenganishwa na migomba. Moja ilikuwa ya mzee Mwambelo, mgane aliyezika mkewe zamani. Ya pili ilikuwa ya mwanawe Gwamaka na mkewe Sekela, bibi harusi ambaye hata jiko lake lilikuwa halijashika masizi.

Desturi ya watu wale ilikuwa kali: mkamwana hamtazami baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami mkamwana. Hawasemezani, hawapishani njiani, hawaingii nyumba moja. Msicheke! Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima nyingine ni kazi kuliko kulima. Basi mzee kabla hajatoka nje alikohoa, kho, kho, na Sekela popote alipokuwa alichomoka akajificha migombani. Hakuwahi kuuona uso wa mzee. Alimjua kwa kikohozi: cha asubuhi kizito, cha jioni chepesi, na kile cha kushiba, ambacho kilimfurahisha kwa sababu aliyepika ni yeye.

Yakiwapo ya lazima kusemwa, waliyapitisha kwa mbuzi aliyefungwa uani. "Ewe mbuzi," mzee angesema akiwa ndani, "mwambie huyo mwenzako ndizi za leo zimeiva vizuri." Na Sekela nyuma ya migomba: "Ewe mbuzi, mwambie baba nimesikia." Mbuzi mwenyewe alitafuna tu. Hivyo ndivyo wawili wale walivyopendana.

Ukaja ukame. Nyasi zikaisha, watu wakaswaga ng'ombe kwenda mbali bondeni, na watoto wakawafuata. Mzee Mwambelo akagoma. Alisema joto la bondeni litamkaanga kama karanga. Gwamaka akataka kubaki naye, mzee akamfukuza: "Nenda na ng'ombe! Mimi sili nyasi." Sekela akabaki kwa hiari yake, maana alijiuliza, nani atampikia? Kila siku aliweka chakula kizingitini, akagonga kifuniko cha chungu, akatimua mbio.

Asubuhi moja kikohozi hakikusikika. Sekela akasubiri. Jua likapanda, kimya. Alipochungulia aliona chakula cha jana kiko pale pale kizingitini, kuku wanadonoa. Halafu akasikia sauti ndani, nyembamba, kavu: "Maji..."

Akanyakua kibuyu, akafika mlangoni, mkono ukashika mlango. Mzee akasikia hatua.

"Ewe mbuzi! Mwambie asiingie. Homa imenivua nguo, nimelala vibaya, sijiwezi hata kujifunika. Akiniona hivi, nikipona nitahama nchi."

Jamani, mwacheni Sekela alie. Alilia pale mlangoni mpaka kilemba kikalowa. Kuingia ni kumvunjia mzee heshima aliyoilinda maisha yake yote, na kuondoka ni kumwua. Na kule juu ziwa limejaa, linametameta, halina habari. Akalitazama. Kisha akafuta kamasi.

"Ewe mbuzi, mwambie baba avumilie. Maji yatamfuata alipo."

Ndani mzee akacheka kwa taabu. "Ewe mbuzi, mkumbushe mwenye homa ni mimi, si yeye."

Sekela akachukua panga akaingia msituni kukata mianzi. Aliipasua kwa urefu, akaondoa vifundo, nyuzi za mianzi zikamkata viganja. Akapanda hadi ukingoni mwa ziwa, akachimbua mdomo mdogo, akalaza mwanzi wa kwanza. Wa pili akauegesha chini yake juu ya mti wenye panda, na wa tatu, na kuendelea, akishuka kati ya miti. Maji yalivuja kwenye maungio. Akaziba kwa udongo na nyuzi za mgomba. Yakavuja tena, akayatukana, akaziba tena. Jua lilikuwa limeshaelemea magharibi alipoupenyeza mwanzi wa mwisho kwenye ufa wa ukuta, pale kilipo kitanda, uso wake ameugeuzia pembeni asije akamwona mzee.

Maji yakaanza kudondoka upande wa ndani. Sekela akachutama nyuma ya ukuta, ameshika tama. Kimya. Akajisemea, nimechelewa. Mara akasikia gudu, gudu, gudu, mtu anakunywa. Na baada ya hapo, kikohozi. Kidogo, kama cha mtoto. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili asije akapiga kigelegele.

Siku zilizofuata alipitisha hata uji mwepesi kwenye mwanzi ule ule. Mzee akapata nguvu ya kukaa, akavaa nguo zake, akasimama kwa fimbo. Akamtazama mbuzi kwa muda mrefu, akaona hapana. Shukrani nyingine haitumwi. Akatoka nje, akaushika ule mfereji wa mianzi kwa mkono, akaufuata kupanda kilima.

Sekela alikuwa huko huko juu akitoa majani yaliyoziba maji. Kilima kilikuwa kimekula pumzi ya mzee, hata ya kukoholea hana. Alichosikia binti ni fimbo tu, ko, ko, nayo imeshafika. Ukingo ulikuwa mtupu, hapana kichaka wala mgomba. Akarudi nyuma akaingia majini. Yakafika magotini, yakafika kiunoni. Ziwa lile halina kina kifupi, na Sekela hakujua kuogelea. Akarudi tena hatua, yakafika kidevuni.

Mzee alipoinua macho aliona kilemba kinazama. Mtu mwingine angekimbia kumshika. Lakini alimjua mkamwana wake: kila hatua atakayomsogelea, yeye atarudi nyingine nyuma, mpaka maji yamfunike. Basi mzee Mwambelo akageuka hapo hapo, akaketi chini akilipa ziwa kisogo. Na kwa mara ya kwanza hakumtuma mbuzi.

"Sekela, mwanangu! Sikuoni. Sitageuka, hata wakija kunizika hapa. Toka majini, nakusihi."

Alikuwa akitetemeka kuliko yule aliyeloa. Akasikia maji yakichuruzika, miguu ikikanyaga tope, nguo ikikamuliwa. Hakugeuka.

"Ndaga," akasema, na kwa lugha yao ndiyo ahsante. "Maishani nimenyweshwa na watu wawili, mama yangu na wewe. Mama aliniona. Wewe ulinisitiri. Ndaga, mwanangu."

Nyuma yake ikatoka sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikisema naye: "Ndaga, baba. Nilikitamani kikohozi chako."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akalia. Akabaki ameketi vile vile hadi Sekela alipokwisha kushuka na kuingia migombani.

Husemwa kwamba ziwa liliyasikia yote likaona aibu, maana liliwahi kunywesha wengi, ila halikuwahi kumsitiri mtu. Likadidimia shimoni, likavuta msitu ukalizunguka, likajifunika ukungu, na ile mianzi likaimeza ardhini.

Na tangu siku hiyo ziwa hili huwezi kuliona mpaka uwe umelifikia kabisa, wala halina mto unaotoka, lakini kule chini chemchemi zinabubujika na mji mzima unakunywa bila kuona mkono unaowanywesha. Na ndiyo maana sisi wa huku, tukifika ukingoni, hatuyakodolei maji macho. Tunalipa ziwa kisogo kwanza, tunaketi chini, tunasema ndaga.

Haya, inukeni, twende, ni hatua chache tu. Hapa, tumeshafika. Ketini kama mzee, kisogo kwa ziwa, nyuso huku kwangu. Semeni. Enhe. Sasa msigeuke upesi hivyo, nyie! Mpeni nafasi mtoto wa watu akamue nguo yake.