Nyama ya Mama Sihaba

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na msichana wa Maswa aitwaye Kabula, aliyekuwa akisomea kilimo chuo kikuu. Adui yake duniani alikuwa mmoja: somo la Utangulizi wa Takwimu.

Mwaka uliotangulia alilifeli, akapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu nayo ikamwangusha. Sasa alikuwa akilirudia pamoja na wanafunzi wa mwaka wa nyuma yake. Akianguka tena ni kudisko, afungashe sanduku arudi kwao. Na kwao majirani walikwisha kuanza kumletea baba yake majani ya mihogo yenye ugonjwa, ayatunze mpaka Kabula aje kuyatibu.

Siku moja mhadhiri wao, Dakta Rwehumbiza, akasema, "Msiniletee hesabu za kitabuni. Tafuteni jambo ambalo watu hulibishania kila siku, mlitolee jibu kwa takwimu. Katika kundi litakaloshinda, mmoja, narudia, mmoja, hatafanya mtihani wa mwisho. Nitampa A yake mkononi. Jina mtanitajia wenyewe."

Kabula akapangwa na vijana wawili. Mbonea wa Upare, ambaye vidole vyake vilikimbia juu ya kikokotoo kama panya darini. Na Ambakisye wa Tukuyu, ambaye hakuna alichokimbilia isipokuwa chakula.

"Watu wanabishania nini?" akauliza Mbonea.

Kabula akasema, "Wanasema ukimwamkia Mama Sihaba wa bwaloni kwa adabu, anakuongezea nyama. Wengine wanasema ni uzushi."

Wakakubaliana. Kwa wiki mbili Kabula ataamkia, Ambakisye atanyoosha sahani kimya. Kisha mezani watahesabu vipande, Mbonea aandike.

Kabula akaamkia, akapata vinne. Ambakisye akanyamaza, akapata viwili. Kesho yake Kabula vinne, Ambakisye viwili. Siku ya tatu Mama Sihaba akausimamisha upawa hewani.

"Wewe mtoto, kwenu mnaamkiana kwa kope?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ambakisye akameza mate, akanyamaza, kwa ajili ya sayansi. Kufikia siku ya nane alikuwa akiitwa Bubu, na binti mmoja wa kwaya aliyekuwa akimtupia macho akaacha kuyatupa.

Wiki mbili zikaisha. Mbonea akabonyeza, akabonyeza, akasimama. "Tumeshinda! Shikamoo inaongeza nyama. Kusema ni bahati tu haiwezekani!"

Kabula alitaka kufurahi, lakini akaivuta orodha, akaisoma upya.

"Mbonea, mbona shikamoo zote nimetoa mimi? Tumepima salamu, au tumenipima mimi?"

Mbonea akatazama karatasi zake nzuri. Akazitazama tena. "Acha, dada. Dakta hatagundua."

"Nikifeli kwa ujinga wangu, sawa. Kwa uongo sitaki."

Basi wakaanza upya, safari hii kwa kurusha sarafu. Kila mchana kila mmoja alirushiwa yake: ikiangukia kichwa, aamkie, ikiangukia mgongo, anyamaze. Siku ya kwanza Kabula akaangukiwa na kunyamaza. Akafika mbele ya sufuria, akamwona mama wa makamo ya mama yake, mdomo ukafunguka wenyewe. "Shikamoo, mama."

Mezani akakiri, "Andika nimeamkia. Ulimi umenishinda."

"Umeniharibia mpango mzima!" akafoka Mbonea.

Siku nyingine Ambakisye alikuja na mchuzi mtupu. "Andika viwili."

"Viko wapi?"

"Nimevihesabu kwa ulimi."

Matokeo yakawa ya ajabu. Aamkie asiamkie, Ambakisye alipata viwili. Aamkie asiamkie, Kabula alipata vinne. Siku aliyojikaza akanyamaza, Mama Sihaba alimgusa paji la uso, akauliza, "Unaumwa, mwanangu?" Akampa vinne vilevile.

"Basi ananichukia!" akasema Ambakisye. "Mimi foleni sipangi tena." Akajificha nyuma ya matangi ya maji mpaka wote walipokwisha kupakuliwa. Njaa ilipomzidi akatoka, wa mwisho kabisa, akanyoosha sahani bila neno. Akapewa vitano, na mfupa wenye uboho juu yake. Akaja mbio, mchuzi ukimwagikia viatu.

"Nyama iko chini! Jamani, nyama iko chini!"

Hapo wote watatu wakashika vichwa. Ambakisye siku zote alikuwa wa kwanza kufika, kwa ulafi wake. Kabula siku zote alichelewa, kwa kuwa kipindi chake kilikuwa shambani, ng'ambo ya kilima. Mbonea akapanga wiki nyingine nzima, wa kwanza, wa katikati, wa mwisho, wakihesabu nyama katika sahani mia moja na ishirini za wenzao wa foleni, kisha akalichora jambo lile mpaka hata kipofu angeliona.

Siku ya kuwasilisha walimwalika Mama Sihaba. Akasikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Nyama huzama," akasema. "Mngeniuliza."

Darasa likalipuka, Dakta akavua miwani afute machozi. Kundi lao likashinda. Na tangu siku hiyo Mama Sihaba akawa anakoroga sufuria kabla ya kila upawa, kila sahani ikapata vitatu.

"Haya," akasema Dakta, akifungua kalamu. "Jina."

Mbonea akawahi. "Mimi. Hesabu zote ni zangu. Nitoeni, mtabaki na hadithi ya mchuzi."

"Wewe utafaulu hata ukifanya mtihani umelala," akasema Ambakisye.

"Kwa hiyo mtu anyimwe haki yake kwa sababu anaweza?"

"Mimi nimetukanwa mbele ya chuo kizima," akasema Ambakisye. "Nimekula mchuzi wiki nenda wiki rudi. Nimempoteza binti wa kwaya. Na nani aliyeiona nyama chini, kama si mimi?"

"Uliiona kwa kununa," akasema Mbonea. "Na hukuwa unaitafuta."

Kabula aliitamani A ile mpaka ikamuuma. Mwishowe akasema, "Hesabu sizijui, na siku ile niliharibu mpango. Lakini mngekuwa mmesimama hapa na uongo uliopigwa pasi. Mimi ndiye niliyesema hapana."

"Shaka tu!" akasema Mbonea. "Shaka si kazi."

Dakta akawatazama mmoja mmoja, kalamu hewani, wala hakuwasaidia.

Nanyi mnaocheka huko nyuma, msicheke mkaondoka. Yuko aliyefanya kazi yote, akawa radhi kuificha kasoro. Yuko aliyeteseka na kuvumbua, akavumbua bila kukusudia. Yuko aliyekataa uongo, ila hesabu zenyewe hazijui, na kesho mihogo ya watu inamngoja. A ni moja. Je, nani alistahili?